Kuanua Matanga Yangu

Niliposikia kwamba nimekufa, nilikuwa kibandani kwangu mtaa wa Hai Cinema, Juba, nikigombana na jenereta. Ilikuwa na tabia ya kuzima kila wateja wanapojaa, na simu za watu zilikuwa zimelala mezani bila chaji, yangu ikiwa mojawapo. Ndipo nikamwona jirani yangu, mama wa Kiganda auzaye chapati upande wa pili wa njia, anavuka mbio huku ameshika kichwa kwa mikono yenye unga. Alipofika mlangoni akanikuta nimeinama na spana mkononi. Alipiga ukelele, akarudi nyuma mpaka akakanyaga ndoo ya mteja.

"Nyabo! Wewe iko hapa?"

"Sasa ulitaka niwe wapi?"

"Wewe nakufa! Watu nasema wewe nakufa tangu asubuhi. Mimi nalia huko, chapati yote naungua!"

Akaninyooshea simu yake. Pale kwenye kioo nilijiona mwenyewe, picha isiyo na rangi, nyeusi na nyeupe tupu, kidevu juu, macho nimefumba. Hapakuwa na neno hata moja, ila tarehe ndogo kwenye kona ya chini. Chini ya picha watu walikuwa wamejipanga na mishumaa yao na machozi yao, kila mmoja akinitakia mapumziko mema. Nilimtambua mpaka mteja mmoja ambaye asubuhi ile ile alinirudishia chaja iliyokatika waya. Alikuwa ameandika kwamba nilikuwa mtu mpole sana, na hapo nikajua watu wanaandika tu.

Picha nilikuwa naijua. Ilipigwa kwa ajili ya tamasha.

Lilikuwa tamasha la teknolojia na muziki, nasi Juba hatukuwa tumewahi kuona kitu cha namna hiyo. Mitandaoni lilikuwa limepigiwa baragumu mpaka masikio yakauma. Tuliahidiwa roboti za wanafunzi, droni ya kutupiga picha kutoka juu, intaneti ya bure uwanja mzima, na nyota mkubwa kutoka nje ambaye uso wake ulifunikwa na alama ya kuuliza. Vijana wa mtaani walibishana juu ya alama ile kama wanabishana juu ya mpira. Vita vilikuwa vimerudi mjini mara ya pili na kupita, maduka mengi yalikuwa bado na matundu ya risasi, na wengi wetu tulikuwa tumebaki nusu ya familia. Kwa hiyo walikuwepo waliotutukana. "Mnacheza juu ya makaburi," waliandika. Ukiangalia vizuri, wengi wao waliandika kutoka nchi ambazo umeme haukatiki. Sisi tuliozika ndio tuliotaka kucheza, na mimi sikuona kwa nini niombe ruhusa kwa mtu aliye mbali na koleo.

Mimi nilialikwa kwa sababu ya wimbo mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuchaji simu na kuwajazia watu nyimbo kwenye memori kadi, maana intaneti yetu ilikuwa ya kubahatisha. Nilikuwa nimetunga wimbo wa kulisuta tanka la maji, lile linalopita mtaani likijifanya halituoni na ndoo zetu. Niliurekodi kwa simu, kisha nikawa namwekea kila mteja bila kumuuliza. Mtu analeta kadi yake nimtilie nyimbo za dini, anaondoka na za dini pamoja na tanka la maji. Ukaenda hivyo, simu kwa simu, hadi sokoni, hadi kwa waendesha boda, hadi ofisi za mashirika kule Thongpiny. Mwandaaji wa tamasha aliusikia kwa dereva wake, akaja kunitafuta.

Alikuwa msichana mwembamba, mtoto wa kwetu aliyekulia Nairobi na kurudi baada ya uhuru na kompyuta yake na ujasiri wake. Alitaka nije nionyeshe jinsi tunavyosambaza muziki bila intaneti, kisha niimbe. Alinipiga picha pale pale kibandani. "Sista, funga macho, imba kidogo, jifanye mimi siko," aliniambia. Mpango wake ulikuwa kutoa picha za waimbaji moja moja, bila rangi na bila maneno ila tarehe ya tamasha, ili watu wajiulize. Kule alikokulia hiyo ndiyo mbwembwe ya kisasa.

Hakujua jinsi sisi tunavyosoma picha. Kwetu picha yenye rangi ni harusi, mahafali, au mtu amenunua shati. Tangu vita vianze hakuna anayependa kuandika lile neno lenyewe kuhusu ndugu yake. Basi unaondoa rangi, unaiweka picha bila neno, na kila mtu anaelewa. Tarehe ikiwa kwenye kona, hiyo ni ya maziko. Picha yangu ndiyo ilitangulia kutolewa, na mimi nimefumba macho.

Hapo pekee ningecheka. Lakini chini ya ile picha niliona jina la ukurasa wa mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyehamia nchi ya baridi tangu vita vya zamani. Mjomba alikuwa na wafuasi wengi kuliko waumini wa kanisa letu, na kila kilichotokea Juba alikijua kabla yetu sisi tunaoishi Juba. Alikuwa ameichukua picha akaongeza maelezo: mpwa wake amepigwa risasi mtaa wa Lemon Gaba akitoka kwenye maombi, na aliyempiga ni wa kabila fulani, akalitaja. Mimi Lemon Gaba nilikuwa sijakanyaga kwa muda mrefu, na maombi ya jioni sijawahi kuyapenda. Chini yake watu walikuwa wanaapa kunilipizia kisasi. Nilipandwa na hasira, kisha nikamkumbuka mama, na hasira ikageuka hofu.

Mama alikuwa kambini Adjumani, ng'ambo ya mpaka, alikokimbilia vita viliporudi.

Lazima nieleze jinsi tulivyo mimi na mama yangu. Tumegombana maisha yetu yote, na kwa furaha. Yeye akisema mvua itanyesha, mimi natoa nguo nje nianike. "Mdomo wako ndio utakuua," aliniambia tangu nikiwa mdogo. Na ugomvi wetu mkubwa kuliko yote ulikuwa wa sufuria. Siku ya uhuru mama alikuwa ameteleka kudra, yale majani ya mlenda tunayoyapenda, juu ya jiko la makaa. Tukasikia ngoma, tukatoka mbio sisi watatu, mama, mimi na kaka yangu, hadi kule bendera ilikopandishwa. Tuliimba, tukakumbatiana na watu tusiowajua. Tuliporudi nyumba ilikuwa imejaa moshi na sufuria imekuwa mkaa. Tulicheka mpaka tukakaa chini, tukala mkate mkavu na chai, na sijawahi kula chakula kitamu kama kile. Ugomvi ulianza asubuhi yake: nani alisema atalitoa jiko? Mama alisema ni mimi. Mimi nilisema ni yeye. Kaka yangu alikuwa wa mwisho kutoka na alijua ukweli, lakini alikataa kusema, maana alifurahia sana kubembelezwa na pande zote mbili.

Vita vipya vilipoanza kaka aliuawa. Hatukujua mapema, kwa sababu simu yake iliendelea kupokelewa. Mwanamume mmoja alikuwa anajibu, sauti ya upole, anamwambia mama kwamba mwanawe yuko salama, amelala, atapiga baadaye. Hata ujumbe alikuwa anaandika. Mama alichinja kuku kumshukuru Mungu. Baadaye ndipo tukajua kwamba simu iliokotwa mwilini mwake siku ile ya kwanza. Mwili wenyewe hatukuupata. Tangu hapo mama hakuiamini simu, awe anaongea nani.

Jenereta ilipokubali kuwaka nilimpigia kwa simu ya binamu yangu aliyekuwa naye kambini. Binamu alipiga kelele za furaha, nikasikia akikimbia, kisha nikasikia vilio vya wanawake. Walikuwa wamekwisha kutandika mkeka wa msiba. Nilikuwa na sauti ya kukwaruza kutokana na mazoezi ya wimbo, na laini ilikuwa inakatika.

"Mama, ni mimi. Mimi ni mzima."

Halafu akasema, polepole, kama mtu anayeongea na mwizi aliyeshika panga: "Simu ya mwanangu umeiokota wapi?"

"Mama, ni mimi mwenyewe!"

"Mwanangu ndiye aliyenionyesha kwamba sauti ya mtu inakaa kwenye kikadi kidogo kuliko ukucha. Inakaa hata mwenyewe akiondoka. Wewe uliyemuua, usiniletee sauti yake." Akakata.

Nililia pale pale mbele ya wateja. Mama wa chapati alinishika mabega. Kisha akasema tupige ile ya kuonana uso, mama aone mwenyewe. Tukapiga. Intaneti ya Hai Cinema ilifanya kama kawaida yake: sura yangu ilitokea kule kambini, ikaganda, na ilipoganda nilikuwa nimepepesa macho. Binamu alinieleza baadaye. Wanawake waliiona sura yangu kwenye kioo imefumba macho na haitikisiki, wakaangua kilio upya.

Jioni binamu alinipigia kwa kunong'ona. Mama ameamua kuja Juba kuchukua maiti yangu. Alikuwa amesema mtoto mmoja alimwacha, wa pili hamwachi. Angepanda basi la Jumatatu kutoka mpakani, pamoja na msafara unaosindikizwa na askari. Barabara hiyo ya Nimule wakati ule ilikuwa inakula watu. Magari yaliyochomwa yalikaa kando ya njia na nyasi zikaota ndani yake, na msafara wenyewe ulishambuliwa zaidi ya mara moja. Mimi kumfuata ningepita njia ile ile. Binamu alikuwa amemfichia viatu. Mama akajibu kwamba atapanda peku.

Mama yangu alikuwa anakwenda kufa kwa ajili ya picha iliyotolewa rangi.

Tamasha lilikuwa Jumamosi. Nikakumbuka kwamba waandaaji wamekodi dishi la intaneti kwa siku hiyo moja, lenye nguvu ya kurusha tamasha lote mitandaoni moja kwa moja, na skrini kubwa kama ukuta. Nilikwenda Thongpiny kumwona yule msichana. Nilimkuta ameketi juu ya boksi la nyaya katika uwanja wa hoteli, analia. Nyota mkubwa alikuwa amegoma kuja, droni imekatazwa na wakubwa wa usalama, na simu yake imejaa vitisho kwa sababu ya picha yangu.

"Sista, pole kwa ile picha, wallahi. Mimi naikansel hii kitu yote. Siwezi."

"Hukansel kitu. Umeniua, sasa utanifufua. Nataka dishi lako."

Nilimweleza habari za mama, na kwamba binamu atamkalisha mbele ya simu siku hiyo. Alifuta machozi, akanisikiliza mpaka mwisho, na nikaona akili yake inaanza kuchemka. Kabla sijafika nyumbani alikuwa ametoa tangazo jipya bila kuniuliza: picha yangu ile ile, sasa ina rangi, na maneno makubwa, "Mliyemlilia ataimba Jumamosi." Nilitaka kurudi nikamtie makofi. Lakini mji mzima ukaanza kulizungumzia tangazo hilo, na kila aliyenipita njiani alinikodolea macho, wengine wakinigusa mkono kuhakikisha. Alama ya kuuliza ilisahaulika.

Mjomba alipiga. Kwanza alilia, na kilio kilikuwa cha kweli, sitamdhulumu. Alisema alinishika mikononi siku niliyozaliwa. Nilipomwomba aiondoe ile habari, akaanza kukohoa.

"Mtoto wa dada, jambo limekwenda mbali. Watu wameandamana huku na picha yako. Nikisema leo kwamba ni uongo, hata waliokufa kweli hawataaminika."

"Mjomba, wapo vijana hapa wanaotaka kuua mtu kwa ajili yangu."

"Ndiyo sababu nakuambia tulia. Usipande jukwaani. Wacha muda upite, tutasema ulijeruhiwa ukapona. Na isitoshe, umewekewa matanga. Muziki haupigwi mkeka haujaondolewa. Hiyo ni mila, binti yangu, si mimi."

Nilimsikiliza mtu yule, aliyewazika ndugu zake kwa kuangalia video tu, akinifundisha mila za mkeka. Niliona uchungu na nikaona kichekesho, vyote pamoja.

"Mjomba," nikamwambia, "hayo matanga ni yangu. Nitayaanua mwenyewe."

Jumamosi mama wa chapati alifunga meko yake, akavaa gomesi ya kanisani yenye mabega yaliyosimama, akasema hawezi kuniacha niende peke yangu, nisije nikafa tena. Mimi nilivaa rangi zote nilizokuwa nazo: shuka ya lawa ya manjano iliyofungwa begani, gauni jekundu chini yake, shanga za buluu, kitambaa cha kijani kichwani. Kama kulikuwa na rangi iliyosahaulika, sikuwa nayo nyumbani.

Getini askari waliuliza maiti ni yupi. Jirani yangu alininyooshea kidole kwa fahari. Mmoja alicheka, mwingine hakucheka. Alinitazama, akasema dada yake naye aliwekwa bila rangi, ila kwake ilikuwa kweli. Nikamwambia pole. Akafungua geti.

Tamasha lenyewe, niseme ukweli, halikuwa kama tangazo. Roboti ya wanafunzi, iliyotengenezwa kwa mtungi wa mafuta ya kupikia na magurudumu ya baiskeli ya mtoto, ilitembea kidogo ikaanguka kifudifudi, na watu wakaishangilia kuliko kama ingetembea. Intaneti ya bure ilikuwa ya waliosimama karibu na choo. Kila ndege ya misaada iliponguruma juu yetu kuelekea uwanja wa ndege, mwimbaji alinyamaza akangoja ipite. Lakini watu walikuwa wamejaa. Walikuja wamepiga pasi nguo zao, na vijana wa makabila yaliyotukanana mitandaoni wiki nzima walisimama bega kwa bega wakigombea kivuli cha spika. Tulikatazwa na wengi siku ile, na tulicheza hata hivyo. Nilijivunia sana watu wa mji wangu.

Zamu yangu ikafika jua likiwa bado juu. Nilipanda, uwanja mzima ukanyoosha shingo. Nadhani wengine walikuwa wanatafuta tundu la risasi. Msichana wa Nairobi alikuwa chini na kompyuta yake, anauma kucha. Aliinua dole gumba. Skrini nyuma yangu ikamumunya mwanga, ikakataa, ikakubali, na pale ukutani, mkubwa kuliko nyumba yetu, akatokea mama yangu.

Alikuwa ameketi juu ya mkeka. Amenyoa nywele. Amekonda kwa siku zile chache kiasi kwamba shingo ilikuwa ya mtu mwingine. Kando yake kulikuwa na kifurushi cha safari kilichofungwa kwa kanga. Binamu alikuwa ameshika simu, na nyuma yao wanawake wa kambi wamekaa safu kwa safu. Hakuna aliyelia. Walikuwa wanatazama.

"Mama," nikasema kwenye kipaza sauti. "Niangalie. Natembea." Nikatembea. Nikainua mikono. Nikazunguka na lawa yangu ya manjano.

"Mwanangu alikuwa anacheza kwenye video nyingi," mama akasema. Sauti yake ilijaa uwanja mzima. "Hizo video mnazo. Hata alivyokuwa anaimba mnazo."

Binamu akamsihi, akamwambia hii ni sasa hivi, si video. Mama akamwonyesha mkono anyamaze. Akasogea karibu na simu mpaka macho yake yakaijaza skrini, na nikaona ana hofu. Hofu yake haikuwa ya mimi kuwa nimekufa. Aliogopa kuchinja kuku mara ya pili.

"Kama wewe ni mwanangu," akasema, "siku ya uhuru sufuria ya kudra iliungua. Nani aliacha jiko?"

Nilisimama pale na kipaza sauti mkononi. Mbele yangu uwanja mzima, wakubwa na wadogo, na kwetu mtu mzima hamwaibishi mama yake mbele za watu, hasa mama aliyenyoa nywele kwa ajili yake. Nilimtazama alivyokonda. Moyo wangu wote ulitaka kumpa chochote anachotaka. Nilitaka kumwambia ni mimi, mama, ni mimi niliyeunguza, nisamehe, na lile neno lilifika kwenye meno.

Halafu nikafikiri: yule mwanamume mwenye sauti ya upole angejibu hivyo hivyo. Angempa mama anachotaka.

"Ni wewe!" nikapaza sauti. Watu wakaguna. "Ni wewe, mama, na unajua! Ulisema nenda mbele nalitoa jiko, kisha ukasikia ngoma, ukavaa viatu vyangu vyekundu bila kuniomba, ukatoka mbio na mwiko mkononi! Mwiko ulikuwa nao mpaka kwenye bendera! Ulimpungia nao rais! Sasa mwiko ungekuwa mkononi mwako kama jiko nililiacha mimi?"

Mahali fulani mtu mmoja alicheka, akajizuia. Jirani yangu wa chapati alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Kwenye skrini mama hakusogea, na niliogopa kwamba picha imeganda. Kisha akageuka kwa wanawake nyuma yake.

"Ni yeye," akasema. "Ni yeye, huyo mkaidi. Hakuna mtu mwingine duniani mwenye mdomo kama huo." Akajifunika uso, na mabega yakaruka, na kilio chake kilipotoka hakikuwa cha matanga. Nami nikalia na kipaza sauti kikiwa wazi, kwikwi zangu zikasikika mpaka barabarani.

Akasimama. Aliwaambia waliokaa waondoke juu ya mkeka, akaushika pembe mwenyewe, akaukung'uta mara moja vumbi likapaa, akaanza kuukunja. Akakisukuma kile kifurushi cha safari kwa mguu, kikabingirika kikatoka kwenye picha. Wanawake wa kambi walipiga vigelegele, na uwanja wa Thongpiny ukavijibu. Hata yule askari wa getini nilimwona amepanda juu ya kiti.

Mama alirudi kwenye simu, mkeka kwapani, amefura kama mtu aliyekumbuka deni.

"Lakini jiko uliacha wewe," akasema.

"Ni wewe, mama."

"Kaka yako angekuwepo angesema ukweli."

"Angesema ni wewe."

"Angesema ni wewe," mama akasema. Tukatazamana, yeye ukutani na mimi jukwaani, na hakuna kati yetu aliyekubali kuinamisha macho.

"Haya," mama akasema. "Basi imba, nikusikie. Na safari hii fumbua macho."